Kamani: upinde unaobeba gari

Mtu akiinama mbele ya Ford ya mwaka 1932, gari linalopendwa mno na mafundi wa hotirodi, ataona upinde wa chuma umekingama kutoka upande wa gurudumu la kushoto hadi la kulia. Si chuma kimoja. Ni mabapa kadhaa yaliyopangwa, refu chini, mafupi juu, yakashikwa pamoja na senta bolti. Henry Ford aliuweka upinde wa namna hiyo kwenye Model T mwaka 1908, na magari ya Marekani yenye jina lake yakaendelea kuukalia hadi yale ya mwaka 1948.

Waingereza na Wajerumani huliita bapa hilo jani. Wafaransa hutumia neno lao la wembe. Gereji zetu husema springi, basi. Neno hilo halina kosa, ila limeelemewa, maana ndilo hilohilo la ile ya kujisokota. Anayetumwa dukani kuleta springi hurudi kuuliza ni ipi. Nayo "springi ya majani" ni tafsiri ya haraka inayompeleka msomaji mtini.

Kiswahili kina neno kamani. Wengi wanalijua kwa saa ya kutia ufunguo: kamani ikikatika, saa imekufa. Lakini kwa Waajemi kamān ni upinde, na upinde ndio umbo hasa la chuma hiki. Basi chote kiitwe kamani, kipande kimoja bapa, na springi iachiwe ile ya kujisokota.

Maneno hayo yanafaa hata kazini. Hotirodi ni gari kuukuu la Kimarekani lililovuliwa vya ziada na kutiwa injini yenye nguvu. Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walishindanisha magari hayo kwenye maziwa yaliyokauka, kama Muroc. Gari la namna hiyo hutakiwa likae chini. Fundi hupunguza mabapa, na kamani hulainika. Au hutafuta bapa kuu ambalo macho yake, yaani pete za nchani, yamekunjwa kwa juu badala ya chini. Hilo peke yake hushusha gari inchi 1 hivi, bila kupoteza bapa hata moja. Katikati ya mabapa hupakwa grisi au huwekwa vipande vya plastiki, yateleze vizuri gari likipita kwenye matuta.

Hatari iko kwenye senta bolti. Kamani iliyofungwa ni upinde uliovutwa: nati ikifunguliwa hivihivi, mabapa hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Kwanza yabanwe kwa klempu mbili, kushoto na kulia kwa bolti. Nati ikishatoka, klempu zilegezwe kidogokidogo kwa zamu, na fundi asimame ubavuni, kamwe asiinamie juu ya mabapa.