Helikopta za Wagonjwa na Haki ya Rubani Kukataa

Vita vya Korea na Vietnam viliwafunza Wamarekani kwamba majeruhi akifikishwa mapema kwa daktari, matumaini ya kupona huongezeka. Oktoba 1972, Hospitali ya St. Anthony mjini Denver ikaanzisha Flight For Life, huduma ya kwanza nchini humo ya helikopta yenye makao katika hospitali ya kiraia. Nyingine zikafuata, na ajali zikafuatana nazo.

Mwaka 1988 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, ilichapisha uchunguzi wa ajali 59. Hali mbaya ya hewa ndiyo iliyotajwa kuwa hatari kubwa kuliko zote. Rubani aliyezoea kuruka huku akiitazama ardhi, akimezwa na ukungu usiku, hapambanui tena juu na chini. Mwili humdanganya, naye huweza kuielekeza helikopta ardhini akidhani yuko sawa.

Kwa nini basi anapaa? Mara nyingi ni huruma. Anayeambiwa kwamba mtoto yu mahututi hushawishika kuuona ukungu kuwa mwepesi. Ndiyo maana baadhi ya huduma zilianza kumficha rubani hali ya mgonjwa, ili apime hewa, mafuta na njia peke yake. Muuguzi na mhudumu wa dharura nao walipewa kura ya turufu: mmoja wao akikataa, safari imevunjika.

Hata hivyo, pengo moja lilibaki.

Alfajiri ya Julai 13, 2004, karibu na Newberry, South Carolina, ilitafutwa helikopta ya kumchukua majeruhi kando ya barabara kuu. Marubani watatu wa huduma tofauti walikuwa wamekataa kwa sababu ya ukungu. Wa nne alikubali, bila kuambiwa kwamba wenzake wamekataa. Muda mfupi baada ya kupaa na mgonjwa, helikopta iliangukia msituni. Wote wanne waliokuwamo walikufa.

Ripoti ya NTSB ya mwaka 2006 ilichambua ajali 55 za ndege na helikopta za wagonjwa zilizoua watu 54, ikaeleza kwamba 29 kati yake huenda zingeepukika. Sheria mpya ilikuja Februari 2014. Inawataka waendeshaji wa helikopta hizo wapime hatari kabla ya kila safari, ikiwa ni pamoja na kuuliza kama kuna mwingine aliyeikataa. Wenye helikopta 10 au zaidi wanatakiwa pia kuwa na kituo cha uongozi, ambako mtaalamu hufuatilia hewa na safari pamoja na rubani.