Vishikwambi vya shule: mpango wa Kenya ulivyokwenda

Kishikwambi ni kompyuta bapa ya kushika mkononi. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Usambazaji ulianza 2016. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilifika katika shule za msingi zaidi ya 21,000: vishikwambi vya wanafunzi, kompyuta mpakato za walimu, projekta na mtambo wa kuhifadhi masomo.

Masomo yaliwekwa humo mapema, kwa hiyo mtoto aliweza kujifunza hata pasipo intaneti. Umeme ndio haukuepukika. Shule nyingi ziliunganishiwa nyaya, na zilizo mbali zikafungiwa sola.

Hata hivyo, baadhi ya shule ziliviacha vifaa kabatini kwa kuogopa wezi, kukosa mafunzo ya walimu, au kukosa fundi betri zilipochakaa.

Mzazi, vifaa hivyo ni mali ya shule, na una haki ya kuuliza mkutanoni: Mtoto wangu hukishika mara ngapi kwa wiki? Kikiharibika, nani hukitengeneza? Ufunguo wa kabati anao nani?