Ngumbaru na barua ya mtu mwingine

Kilolo ilipata kuwa wilaya mwaka 2002, ilipomegwa kutoka Iringa Vijijini. Ukilitafuta jina hilo katika takwimu za kisomo za miaka ya 1970 hulioni. Wazee wa Dabaga na Ukwega, huko Kilolo, walihesabiwa humohumo ndani ya Iringa.

Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba nchini kote watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaagiza ujinga ufutwe nchi nzima hadi kufikia mwisho wa 1975. Wilaya sita zilitangulizwa, Mafia, Ukerewe na Masasi zikiwamo. Iringa ilingoja zamu yake.

Serikali ilitaka kisomo chenye manufaa: mtu ajifunze herufi huku akijifunza kilimo bora. Shabaha nzuri, lakini sidhani kama ndiyo iliyomtoa mama jikoni jioni ya baridi. Nyanda hizi za Iringa zilikuwa zimetoa vijana wengi kwenda kukata mkonge mbali na kwao. Barua ikifika, hutafutwa wa kuisoma, na huyo akishaisoma anajua mume ametuma kiasi gani na kwa nini harudi.

Halafu kulikuwa na lugha. Vitabu vya kisomo vilikuwa vya Kiswahili. Aliyezoea kuamkiwa “kamwene” kwa lugha ya nyumbani alizitambua herufi na papo hapo akaishika lugha ya darasani. Masomo mawili kwa mpigo, na bado akaitwa ngumbaru, mara nyingi kwa kicheko.

Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi. Anayejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wasiojua kusoma wakashuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na 9.6 mwaka 1986. Kisha uchumi ukabana na madarasa yakapungua. Sensa ya 2012 ilikuta takribani mmoja katika kila watano wenye miaka 15 na zaidi hajui kusoma.

Barua zenyewe zimekwisha. Siku hizi mkulima wa nyanya wa Ilula, hukohuko Kilolo, asiyejua kusoma hulipwa kwa simu: ujumbe ukiingia humpa mjukuu amsomee, na fedha zikitakiwa kutolewa humtajia na namba ya siri.