Pikapu inalia ukikanyaga breki? Hivi ndivyo unavyobadilisha pedi za mbele nyumbani

Ukikanyaga breki ukasikia mlio mwembamba wa chuma kutoka tairi za mbele, usiongeze sauti ya redio. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski pale zinapokaribia kuisha, na huo mlio ndio taarifa yenyewe. Ukiupuuza utageuka mkwaruzo. Hapo chuma kinasaga chuma, na diski nayo inaingia kwenye bili.

Breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito mwingi hukimbilia mbele. Kwa pikapu iliyojaa magunia ya mahindi na inashuka mlima Kitonga, hilo si jambo la kujaribu bahati.

Kazi hii inafanyika nyumbani, mradi uwe na sehemu tambarare, vifaa na subira.

Andaa hivi kwanza

- Jeki na stendi 2 imara za kushikilia gari
- Spana ya tairi na seti ya spana
- Bisibisi, plaizi, nyundo ndogo na brashi ya waya
- Klampu ya kurudisha pistoni
- Grisi ya breki inayovumilia joto (grisi ya kawaida huyeyuka)
- Pedi mpya za tairi zote 2 za mbele
- Waya au kamba, na kitambaa

Wakati wa kununua pedi, nenda dukani na mwaka na modeli ya gari, au beba pedi ya zamani ulinganishe. Pedi feki zipo, na bei ya kutupa iwe sababu ya kuuliza maswali.

Hatua kwa hatua

1. Egesha sehemu ngumu na tambarare. Vuta hendibreki, weka gia, kisha weka mawe au kabari kwenye tairi za nyuma.

2. Legeza nati za tairi kidogo kabla ya kuinua gari. Ukiinua kwanza, tairi itazunguka na gari linaweza kuchomoka kwenye jeki.

3. Inua, weka stendi chini ya chesesi, kisha toa tairi. Usiingie wala kuweka mguu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huweza kushuka ghafla, na tofali hupasuka.

4. Fungua boneti uangalie kopo la mafuta ya breki. Kama limejaa mpaka juu, punguza kidogo, maana pistoni zikirudi ndani mafuta hupanda. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, osha kwa maji haraka kwa sababu yanaibabua.

5. Fanya upande mmoja kwanza. Upande wa pili uache kama ulivyo, ukisahau mpangilio utautazama.

6. Angalia kalipa, yaani kile chuma kinachoikumbatia diski. Zipo za aina 2:

- *Inayoteleza:* fungua bolti za nyuma, ichomoe, kisha ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, utaukata kwa ndani bila kujua. Rudisha pistoni polepole kwa klampu, ukitanguliza pedi ya zamani ili usiichubue.
- *Isiyoteleza:* hii ina pistoni pande zote 2, na utaikuta kwenye Hilux nyingi za 4x4. Kalipa haitolewi. Chomoa kishikizo, gonga pini zitoke, na pedi zinavutwa nje. Badilisha pedi moja moja, kwa sababu ukirudisha pistoni za upande mmoja huku upande wa pili uko wazi, zile za pili zitasukumwa nje.

7. Kagua diski. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imepungua chini ya hapo, ina ufa au mifereji mirefu, ibadilishe.

8. Safisha kwa brashi sehemu ambazo pedi zinakaa. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, lifute kwa kitambaa chenye maji.

9. Paka grisi kidogo kwenye pini na mgongo wa pedi. Isiguse diski wala uso wa pedi, breki zitateleza.

10. Rudisha kila kitu, kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha hamia upande wa pili. Nati za tairi zikaze kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, na zimalizie gari likiwa chini.

Usiondoke kabla ya hili

Hapa ndipo wengi hupata ajali ya kizembe. Pistoni zimerudi ndani, kwa hiyo kanyagio la kwanza litazama mpaka chini na gari halitasimama. Kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka kanyagio liwe gumu. Kisha angalia mafuta, na uongeze aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4.

Jaribu kwanza mwendo mdogo mahali pasipo na watu. Baadaye zizoeshe pedi: endesha hadi kama kilomita 60 kwa saa, punguza taratibu mpaka 15 bila kusimama, rudia mara 8 hadi 10 ukiacha nafasi zipoe.

Lini umwite fundi

Acha na umwite fundi ukiona mafuta yanavuja kwenye pistoni, kanyagio limebaki laini hata baada ya kulipampu, au taa ya breki inawaka. Vilevile kama pedi moja imeisha kabisa na mwenzake bado nene: hapo kuna pini au pistoni iliyokwama, na pedi mpya peke yake itaisha vilevile.

Baada ya hapo, kila ukitoa tairi chungulia pedi. Zikibaki milimita 3, anza kutafuta nyingine kabla hazijaanza kulia.