Mtoto wa Kiume au wa Kike?

Mama akiwa na mimba, iwe katika boma la Kimasai huko Endulen au katika nyumba ya mjini Karatu, watu huuliza: ni mtoto wa kiume au wa kike? Leo tutaona jinsi swali hili lilivyojibiwa tangu zamani, na kwa nini jibu la uongo limewaumiza wanawake wengi.

Zamani watu walibahatisha. Walitazama tumbo: likichongoka, mvulana, likitanda, msichana. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walimwambia mama akojolee mbegu za shayiri na ngano. Ikiota shayiri, mtoto wa kiume. Ikiota ngano, wa kike. Mwaka 1963 wataalamu wa Misri waliijaribu dawa hiyo. Mbegu ziliota mara nyingi kwa mkojo wa wajawazito, lakini hazikuonyesha mtoto ni wa kike au wa kiume.

Mbona basi wabashiri husifiwa? Majibu ni mawili tu. Mtu akibahatisha mara 100 atapata kama mara 50. Alizopata husimuliwa, alizokosa husahauliwa.

Enkaitoyoni, yaani mkunga wa Kimasai, hupapasa tumbo akajua mtoto alivyolala. Hiyo ni elimu ya kweli. Lakini mkono hauwezi kutambua mvulana na msichana.

Mwaka 1905 Bibi Nettie Stevens wa Marekani alichunguza wadudu, akaona kwamba mbegu za dume ni za namna mbili. Ndivyo ilivyo kwa binadamu pia. Yai la mama hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba X au Y. X ya baba huleta msichana, Y huleta mvulana. Basi jambo huamuliwa siku mimba inapotungwa, kwa mbegu ya baba, wala baba hawezi kuichagua.

Mwaka 1958 Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Siku hizi kipimo hicho, altrasaundi, kwa kawaida huweza kuonyesha jinsi ya mtoto tangu wiki ya 18 hadi 20, ingawa huweza kukosea. Lakini faida yake kubwa ni nyingine: huonyesha mapacha, kondo lililokaa vibaya, na mtoto aliyelala vibaya. Kwa mama anayekaa mbali na hospitali, kujua hayo mapema huweza kuokoa maisha.

Wako wanaume waliowafukuza wake zao kwa kuzaa wasichana watupu. Ninyi mliosikiliza sasa mnajua kwamba mama huyo hana kosa lolote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini ubashiri huonekana kuwa wa kweli?
2. Mtamwambia nini jirani anayemlaumu mkewe?

Kwaherini mpaka somo lijalo.