Mkutano wa Dunia wa Mafao: Ulizaliwa Brussels 1927, Lakini Unakuhusu Wewe wa Diani

Ukipita barabara ya ufuoni Diani katikati ya wiki, utaona hoteli zingine ziko na mabango ya semina kuliko watalii. Ndani wako wasee wa suti, kadi za majina shingoni, na kuna siku stori yao ni moja tu: mafao. Yaani ile doo ya mfanyakazi ambayo haiko kwa mshahara wa mwezi. Pensheni, matibabu, fidia ya ajali, likizo ya uzazi.

Sasa cheki hii. Yule weita anayewapelekea chai ya saa nne anaweza kuwa hana hata moja ya hizo. Ndiyo maana historia ya mikutano hii inakuhusu.

Ilianza wapi?

Ujerumani ndiyo ilitangulia. Mwaka 1889, chini ya Bismarck, ilipitisha sheria ya pensheni ya wafanyakazi, na umri wa kulipwa ulikuwa miaka 70. Wengi hawakufika huko. Lakini wazo lilishika, na nchi zingine za Ulaya zikafuata, kila moja na mtindo wake.

Tarehe 4 Oktoba 1927, vyama vya kusaidiana na mifuko ya bima ya wagonjwa kutoka nchi kadhaa za Ulaya vilikutana Brussels, Ubelgiji, chini ya kivuli cha Shirika la Kazi Duniani, ILO. Shida yao ilikuwa kulinda na kusambaza bima ya afya ya wafanyakazi. Baadaye wakaingiza pensheni ya uzeeni na ya walemavu. Vita vya pili vya dunia vilisimamisha mambo, kisha 1947 wakajipanga upya Geneva kwa jina la Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Jamii, ISSA. Ndilo jina hadi leo.

Mwaka 1952, ILO ikapitisha Mkataba nambari 102, unaotaja aina 9 za mafao: matibabu, ugonjwa, kukosa kazi, uzee, ajali kazini, familia, uzazi, ulemavu na wategemezi wa marehemu. Hiyo listi ndiyo kipimo ambacho wataalamu wanatumia mpaka sasa.

Ikafika Afrika

Mkutano mkubwa wa ISSA, Kongamano la Dunia la Hifadhi ya Jamii, hufanyika kila baada ya miaka 3. La kwanza lilikuwa Moscow 2007. Cape Town ikaleta Afrika kwa ramani 2010, halafu Doha 2013, Panama 2016, Brussels 2019, Marrakech 2022 na Kuala Lumpur 2025. Swali moja linarudi kila mara: nani anamlinda mtu asiye na ajira rasmi? Kwa Ulaya hilo ni kundi dogo. Kwetu, ni mtaa mzima.

Kenya ikoje?

NSSF ilianzishwa 1965. Kwa miaka mingi makato yalikuwa kiduchu. Kabla ya mabadiliko, ulikatwa mwisho shilingi 200 kwa mwezi, na bosi akaongeza 200. Piga hesabu ya miaka 30 uone kama inatosha kujenga hata chumba kimoja Ukunda.

Sheria ya kusimamia mifuko ya kustaafu ilipitishwa 1997, na mamlaka yake, RBA, ikaanza kazi 2000. Sheria mpya ya NSSF ilikuja 2013 ikakwama kortini, hadi uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023 ulipofungua njia. Sasa ni asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa bosi. Kwa mshahara wa 20,000, wewe unatoa 1,200 na yeye 1,200. Mzigo unauma, lakini nusu ya hiyo ganji si yako, ni ya bosi. Asipoipeleka, amekunyima haki yako.

Na Diani je?

Pwani ya kusini inajua vizuri maana ya kazi kuisha ghafla. Fujo za Likoni za Agosti 1997 zilifukuza watalii. Vurugu za uchaguzi za 2008 zikafanya hivyo tena. Corona ya 2020 ikafunga hoteli. Na si utalii peke yake: Base Titanium ilimaliza uchimbaji Kwale Desemba 2024. Kila mara kazi ikiisha, kinachobaki ni kile ulichowekewa.

Kwa hivyo fanya hivi:

- Kama ni kibarua: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, huhesabiki tena kama kibarua wa kulipwa kwa siku. Weka rekodi ya siku zako.
- Kama unakatwa: omba NSSF taarifa ya akaunti yako. Karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa, haionyeshi kama doo ilifika.
- Kama hukuwekewa mfuko wowote: sheria hiyo hiyo inakupa malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya.
- Kama umeumia kazini: Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri akulipe. Ripoti mapema.
- Kama ni bodaboda, bichi boi au mama wa viazi karai: mpango wa Mbao ulianza 2011 kwa shilingi 20 kwa siku, na kuna Haba Haba ya NSSF, shilingi 25 kwa siku.

Wale wa 1927 pale Brussels walianza na vikundi vya watu kuchangishana, mmoja akiugua wenzake wanamshika. Ukiangalia vizuri, hiyo ni chama tu, ile mathe wako anaendesha kila Jumapili. Tofauti ni kwamba hii bosi naye lazima achange. Kama wewe unachanga na yeye hachangi, uliza mapema, kabla msimu haujaharibika.