Nafuu kwa kipimo cha nani?

PANSS, kipimo cha skizofrenia kinachotumika sana katika utafiti, kinakaribia kutimiza miaka 40. Stanley Kay, Abraham Fiszbein na Lewis Opler walikichapisha Marekani mwaka 1987. Kina vipengele 30, na kila kimoja hupewa alama 1 hadi 7. Kwa hiyo mtu asiye na dalili hata moja hupata 30, si sifuri. Wapo watafiti waliosahau kuondoa hizo 30 kabla ya kukokotoa. Mgonjwa aliyeshuka kutoka 90 hadi 60 amepata nafuu ya asilimia 50, lakini kwao ilisomeka 33.

Kabla yake kulikuwa na BPRS ya mwaka 1962, ya John Overall na Donald Gorham, iliyoanza na vipengele 16. Ilikuwa zama za dawa mpya za akili, na madaktari walitaka kujua upesi kama dawa imetuliza dalili. Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi wote uliofuata: vipimo vilizaliwa katika majaribio ya dawa, kisha vikakabidhiwa kazi ya kupima tiba ya mazungumzo.

Tiba ya mazungumzo nayo si ya jana. Aaron Beck aliandika mwaka 1952 juu ya mgonjwa wa skizofrenia aliyemtibu kwa njia hiyo. Mwaka 2002 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, iliipendekeza aina yake iitwayo tiba ya utambuzi na tabia, na baadaye ikataka mgonjwa apate vikao visivyopungua 16.

Moto uliwaka mwaka 2014. Sameer Jauhar na wenzake, wakiwemo Keith Laws na Peter McKenna, waliunganisha matokeo ya tafiti za tiba hiyo. Kwa jumla ya dalili walipata athari ya 0.33, ambayo ni ndogo. Walipobakiza tafiti ambazo mpimaji hakujua nani alipata tiba na nani hakupata, ikashuka hadi 0.15. Kwa dalili kama kusikia sauti na imani potofu ilibaki 0.08, karibu na hakuna. Mwaka huohuo hoja ikapelekwa kwenye mdahalo wa Maudsley, London: je, tiba hii imesifiwa kupita kiasi? McKenna na David Kingdon, mtetezi wa tiba hiyo, wakaendelea kubishana katika jarida la BMJ.

Takwimu za Jauhar ni nzito, na anayezipuuza hawatendei haki wagonjwa. Lakini nikisoma pande zote mbili, narudi kwenye makala ya Max Birchwood na Peter Trower ya mwaka 2006. Walionya kwamba tiba ya mazungumzo si dawa ya kutuliza akili iliyovaa vazi jingine. Lengo lake ni kupunguza dhiki na kubadili anachofanya mtu, hata kama sauti zenyewe hazijanyamaza. Naona walisema kweli.

Birchwood hakuishia kwenye maneno. Katika jaribio la COMMAND, lililochapishwa pia mwaka 2014, yeye na wenzake waliwachukua watu 197 waliokuwa wakisikia sauti zinazowaamuru kujidhuru au kudhuru wengine, na ambao walishawahi kuzitii. Swali kuu halikuwa sauti zimepungua kiasi gani. Waliuliza: je, bado unatii? Baada ya miezi 18, asilimia 46 ya waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa wametii kikamilifu. Kwa walioongezewa tiba, ni asilimia 28. Kwa mama anayeficha visu vya jikoni kila jioni, tofauti hiyo ina uzito ambao alama za PANSS hazina pa kuuandika.

Vipimo vingine vimejaribu kuziba pengo hilo. PSYRATS ya Manchester, 1999, huuliza pia sauti zinamsumbua mtu kiasi gani na kama ana uwezo wa kuzidhibiti. CHOICE ya mwaka 2010 ilitungwa pamoja na watu waliotibiwa wenyewe.

Hospitali zetu za akili zinastahili vipimo vya namna hiyo, vilivyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo badala ya kutafsiriwa haraka kwa ajili ya mradi wa mgeni. Neno tunalo. Muulize ndugu wa mgonjwa kama kuna nafuu, naye hatahesabu dalili. Atakwambia siku hizi analala, anakula na wenzake, na juzi alikwenda dukani peke yake akarudi na chenji.